Kutazama jua la Monet: mwangaza kando, rangi kando

Mbele ya "Impression, soleil levant" (jua likichomoza), mchoro wa mchoraji Mfaransa Claude Monet wa mwaka 1872, jicho hukimbilia kile kiduara cha rangi ya machungwa. Anza hapo hapo, ila ujiulize: hivi jua hili linang'aa kuliko anga iliyolizunguka?

Jibu utalipata kwenye simu. Tafuta picha safi ya mchoro huo, ifungue sehemu ya kuhariri, kisha shusha rangi hadi sifuri. Usitumie filta za nyeusi na nyeupe zinazokoza vivuli, zitakudanganya. Zima pia ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano. Jua litakaribia kupotea kabisa! Margaret Livingstone, mtafiti wa ubongo na macho wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ameeleza sababu: Monet alilichora jua kwa mwangaza ule ule wa mawingu, akabadilisha rangi tu. Sehemu ya ubongo inayopima mwangaza na kutambua mahali vitu vilipo hailipati sawasawa, ilhali ile inayosoma rangi inaliona waziwazi. Ndiyo maana linaonekana kama linatetema.

Rangi yenyewe nayo imeazima nguvu kwa majirani. Toboa tundu la ukubwa wa punje ya njegere kwenye karatasi ya kijivu, uliweke juu ya jua. Litafifia, kwa kuwa umeliondolea ile buluu-kijivu inayoshindana nalo. Mchoraji anayeanza akitaka jua liwake huongeza nyeupe. Mwangaza hupanda kweli, lakini machungwa hupauka.

Sasa shuka majini. Mashua ya mbele ndiyo yenye weusi uliokolea. Ya pili, upande wa kushoto na juu kidogo, imefifia. Ya tatu imebaki kama doa. Zimepangwa mshazari, na mshazari huo ndio unaokuingiza ndani ya bandari ya Le Havre, Ufaransa, maana ukungu umefuta mstari wa upeo. Funika mashua ya mbele kwa kidole uone: hisia ya umbali majini inatoweka, bandari inakuwa pazia. Milingoti na winchi za nyuma zipite haraka, kazi yake ni kusimamisha mistari wima tu.

Mchoro halisi uko kwenye jumba la makumbusho la Musée Marmottan Monet, Paris, na si mkubwa: takriban sentimita 48 kwa 63. Ukisogea karibu utaona rangi ya mafuta imepakwa nyepesi sehemu nyingi, kisha mapigo mazito ya brashi kwenye mng'ao wa jua majini. Rudi nyuma hatua tatu au nne, mapigo yaungane kuwa mawimbi.

Ukinunua nakala ya ukutani, kagua jua kwanza. Likiwa jekundu kali au jeupe kuliko anga, iache dukani. Na nakala ya upana wa mita moja na nusu isiende kwenye korido nyembamba: hutapata nafasi ya kurudi nyuma, utabaki unatazama mistari ya brashi.