Ukizaliwa bila uke, usikimbilie kisu kwa ajili ya harusi

Mdogo wangu, kama mahari imeshapokelewa na nyumbani wanataka ufanyiwe upasuaji wa kutengenezewa uke harakaharaka kabla ya ndoa, omba harusi isogezwe mbele. Nakuambia hivyo kwa sababu nami nilizaliwa bila uke wala mji wa mimba. Hali hii, ambayo madaktari huiita MRKH, humpata takriban msichana 1 kati ya 5,000. Matiti huota, mayai yapo, ila hedhi haiji. Hukurogwa, wala wewe si nusu mwanamume. Anayekwambia hivyo hajui alisemalo.

Anza na vipimo: altrasaundi au MRI, na figo zitazamwe pia, kwani baadhi yetu huzaliwa na moja tu. Kama tumbo hukuuma kila mwezi bila damu kutoka, mwambie daktari. Huenda mji wa mimba unao na damu imezibwa ndani, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Halafu ulizia vifaa vya kutanulia uke. Ni vijiti laini vya ukubwa mbalimbali. Unapaka jeli, unajilaza, unakisukuma taratibu pale penye kishimo, kila siku, kwa miezi kadhaa. Kwa walio wengi hiyo inatosha, bila kushonwa popote.

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa kutumia ngozi ya paja. Wapo madaktari wanaotumia kipande cha utumbo mpana, wengine utando wa ndani ya tumbo. Paja liliniuma kuliko huko chini. Shuka likigusa tu pale walipobandua ngozi, usingizi umekwisha. Na jambo ambalo sikuelezwa mapema: ukishapona, vifaa vilevile unavirudia kwa miezi, maana njia mpya isipotanuliwa husinyaa. Kwa hiyo kama sasa huna chumba cha kujifungia wala utulivu wa kuvitumia, upasuaji nao hautakufaa.

Mchumba aambiwe, na umwambie mwenyewe, si shangazi. Ajue pia kwamba upasuaji huu hauleti hedhi wala mimba. Uswidi, mwaka 2014, mwanamke mwenye hali kama yetu alijifungua baada ya kupandikizwa mji wa mimba, lakini hiyo ni operesheni nyingine, kubwa zaidi.

Ukikaa na daktari, muulize amewafanyia wangapi, na ni nani atakayekufundisha kutumia vifaa ukishatoka wodini. Asipokuwa na jibu la hilo la pili, tafuta mwingine.