Bia ya ngano yenye tope na harufu ya ndizi

Mkuu, umeuliza kama bia yako ya ngano yenye tope na harufu ya ndizi imeharibika. Haijaharibika, inywe. Weissbier (bia ya ngano) ya Ujerumani ya aina hiyo haichujwi, na hilo tope chini ya chupa ni hamira hasa. Harufu ya ndizi mbivu na karafuu hutengenezwa na hamira bia inapochachuka. Ndizi yenyewe haimo, siyo mbege hiyo! Mimina taratibu glasi ikiwa imeinama, bakiza kidogo, zungusha chupa, kisha malizia na lile tope. Wenyewe Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, hunywa hivyo, na kwangu mimi utamu uko hapo. Ila ukisikia harufu ya boksi lililolowa, basi imekaa sana kwenye joto. Kwa joto hili la Dar, chagua iliyokuwa kwenye friji, siyo ya dirishani.