Nimeacha shampuu, mbona nywele zinanata? Anti anajibu maswali yenu

Meseji za safari hii karibu zote zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinauliza habari ile ile ya kuacha shampuu na kuachia mafuta ya kichwa yenyewe yafanye kazi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna maswali ya wengi.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni binti wa Ujiji, nywele zangu ni laini zile wanaita za Kiarabu na ni ndefu mpaka kiunoni. Niliona kwenye simu wadada wanasema shampuu inaua nywele, eti ukiiacha kichwa kinajizoesha chenyewe kinapunguza mafuta alafu nywele zinang'aa tu bila kupaka kitu. Nimeacha mwezi sasa. Juu kunanata, ncha zimekauka vile vile, na mama kila nikivua ushungi ananiambia natoa harufu. Rafiki yangu tuliyeanza naye ana kipilipili na zake ndo zinakatika kabisa. Tuendelee au tuache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Inawezekana kabisa kutunza nywele ndefu bila shampuu, ila sio hivyo mnavyofanya, maana nikisoma meseji yako naona mliacha shampuu na kuosha nako mkaacha, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Tuanze na hayo mafuta. Kila unywele unapotokea kwenye ngozi ya kichwa una kitezi kidogo pembeni yake kinachotoa mafuta mazito kidogo, yana asili ya nta nta hivi, kazi yake ni kulainisha ngozi na ule unywele. Hivyo vitezi vinaongozwa na homoni, ndio maana kichwa cha mtoto wa miaka sita hakina mafuta kama cha mtu aliyebalehe, na kitezi hakijui kama jana ulipaka shampuu au hukupaka. Kwahiyo hilo la kichwa kujizoesha kikapunguza mafuta usilisubiri. Kinachobadilika kwa wale waliofanikiwa ni kwamba wamejifunza kuyatoa mafuta pale juu na kuyapeleka chini yanakohitajika.

Na huko chini ni mbali jamani. Nywele zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, ukipima sentimita 50 kutoka kichwani hiyo ncha unayoishika ina miaka minne, imepita kwenye jua, chumvi ya jasho, chanuo, mto wa kulalia, vyote hivyo, na mafuta ya kichwani hayaifikii yenyewe hata ungekaa mwaka bila kuosha. Ndio maana juu kunanata na chini kumekauka, hamna ajabu hapo.

Fanya hivi. Jioni kabla ya kulala fumua nywele zote, zichambue na chanuo la meno mapana ukianzia chini kwenye ncha huku unapanda taratibu, usianzie juu utakaza mafundo. Alafu weka vidole kichwani, sehemu laini ya vidole sio kucha, sugua kwa mduara mpaka uhisi ngozi inacheza, dakika tano zinatosha, hapo mafuta yanalegea. Baada ya hapo ndo unayashusha. Wazungu wanatumia brashi ya manyoya ya nguruwe, na najua Ujiji wengi wenu hamtaitaka kichwani na wala hamna haja nayo, chukua kipande cha kanga ya pamba iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikawa laini, shika fungu dogo la nywele, libane na hicho kitambaa pale kwenye shina uvute polepole mpaka nchani, tena na tena, uhamie fungu jingine. Utaona kitambaa kinachafuka na nywele zinaanza kung'aa. Kifue kitambaa kila ukimaliza maana ukirudia na kichafu unarudisha vumbi lile lile.

Alafu kuosha. Maji matupu ya uvuguvugu yanatoa jasho, chumvi na vumbi vizuri tu, mafuta yanayatoa kwa sehemu, na hiyo sehemu ndio unayoitaka. Mara moja au mbili kwa wiki mwaga maji ya kutosha huku unasugua ngozi kwa vidole, sio kulowesha tu na kusema nimeosha. Harufu anayoisikia mama sio ya mafuta peke yake, ni jasho na mafuta vikiliwa na vijidudu vya kwenye ngozi, na vinapenda sana unyevu, kwahiyo kama unatoka kuoga unafunga ushungi nywele zikiwa mbichi unawapa makazi. Osha mapema siku ambayo hutoki, zikauke mpaka shinani ndipo ujifunike.

Kuna kitu kingine hawakuambii kwenye simu, nacho ni maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yako upande wa magadi sio upande wa ndimu, pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi ambapo katikati ni 7, inakaribia 9, wakati nywele na ngozi ya kichwa ziko upande wa uchachu. Unywele umefunikwa na magamba madogo madogo yasiyoonekana kwa macho, maji ya namna hiyo yanayafungua kidogo, ukimaliza kuosha unazisikia ngumu na zinashikana. Suuza la mwisho changanya kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye lita 1 ya maji, mwagia, kaa kidogo, suuza tena. Ndimu pia inafanya kazi lakini sipendi kuwaambia watu watumie, maana maji ya ndimu yakibaki kwenye paji la uso au shingoni ukatoka nayo juani, ngozi inaungua inabaki na mabaka meusi kwa wiki nyingi.

Sasa rafiki yako. Huyo aache kuzichana kavu leo hii. Kwenye kipilipili unywele una kona kama barabara ya mlimani, mafuta yanabaki pale shinani hayashuki, na hata akivuta kitambaa kutwa nzima hayatashuka, atakachopata ni kuzikata. Mafuta ya kichwa chake yanatunza ngozi na sentimita chache za mwanzo, huku chini inabidi yeye mwenyewe aongeze, tena kwenye nywele zenye unyevu. Nyie Kigoma mmebarikiwa hapo. Mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa la mchikichi, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ndio ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi, ina uwezo wa kuingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu, na ukiipaka kabla ya kuosha inapunguza unywele kuvimba kwa maji na kuchakaa. Agawe kichwa mafungu sita au nane, apake kidogo kuanzia katikati kushuka nchani, afunge mabutu, alale na kitambaa cha satini, asubuhi aoshe kwa maji na kuchambua kwa vidole zikiwa bado zimelowa. Anuse kwanza kabla ya kununua, yakinuka uchachu wa kuoza ayaache. Mawese yenyewe mekundu ni ya kupikia mwanangu, yatawatia rangi mashuka na kola za nguo zote.

SWALI: Anti habari. Niko Tabora mjini, nywele za asili, sijaweka dawa tangu nijifungue. Msusi wangu kaniambia nisinunue shampuu, niwe naosha kwa bekingi soda alafu napaka asali. Nimefanya mara kadhaa, kichwa kinawasha na nywele ni kama makapi. Tatizo ni asali au?

JIBU: Tatizo ni bekingi soda dada yangu, iache jikoni. Ile ni jamii ya magadi, inanyanyua mafuta yote kwa mpigo, inafungua magamba ya unywele, na chenga zake zisipoyeyuka vizuri zinakwaruza ngozi. Mtu anaogopa shampuu kwa sababu inakausha alafu anakwenda kupaka kitu kikali kuliko shampuu nyingi za dukani, hapo tumekimbia nini? Na sabuni ya mche ya kufulia nayo ni hivyo hivyo, tena ukikutana na maji magumu ya kisima inaacha utando mweupe unaong'ang'ania kwenye nywele hautoki kwa maji.

Asali sina ugomvi nayo, na nyie wa Tabora mnaipata ile ya misitu ya miombo yenyewe hasa. Asali inashika maji, ndio sifa yake, ila haina mafuta kwahiyo isichukue nafasi ya mafuta. Vijiko viwili kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, koroga mpaka iyeyuke kabisa, mwagia kwenye nywele safi zilizolowa, funika na mfuko wa nailoni nusu saa, suuza mpaka usihisi kunata hata kidogo, sisimizi hawachelewi. Kwa sasa ngozi inawasha, kaa wiki mbili unaosha kwa maji tu na siki kidogo, usipake kingine chochote kichwani, kuwasha kukiendelea onyesha hospitali. Na kama zinatoka nyingi tangu ujifungue, hilo linawapata kina mama wengi kwenye mwezi wa tatu wa nne baada ya kujifungua na linapita lenyewe, usimlaumu mtoto wala asali.

SWALI: Shikamoo anti, nina mba nyingi, naishi Kasulu. Nimeacha shampuu nikaambiwa nipake mafuta ya nazi kichwani kila siku, mba zimezidi, zinadondoka mabegani kazini naona aibu. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, na aibu usiione, mba wanapata watu wasafi kabisa. Hapa nitakuambia kinyume cha niliyosema huko juu, wewe nenda ukanunue shampuu. Kwenye kichwa cha kila mtu kuna fangasi mdogo jamii ya hamira anaitwa Malassezia, chakula chake ni mafuta, na kwa baadhi yetu akila ngozi inachukizwa na mabaki yake inaanza kujivua haraka haraka, ndio hizo mba. Sasa kila siku unampakulia. Famasi ulizia shampuu ya dawa yenye ketokonazo asilimia 2, osha mara mbili kwa wiki, povu likae kichwani dakika tano kabla ya kusuuza, endelea wiki mbili mpaka nne. Mafuta peleka kwenye urefu wa nywele tu, ngozi iache. Ikitulia unaweza kurudi kwenye maji matupu ukitaka, lakini chupa isiishe nyumbani, ukiona zimeanza tena osha. Ukiona wekundu na magamba yanashuka mpaka kwenye nyusi na pembeni ya pua usihangaike mwenyewe, nenda kituo cha afya.

SWALI: Anti, sisi Urambo tunalima tumbaku. Nywele zangu ndefu naosha kwa maji tu kama wanavyosema, lakini msimu wa kukausha moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, unaingia kichwani hautoki. Nakosea wapi?

JIBU: Hukosei popote, ni kwamba njia hii haikufai msimu huo. Mafuta ya kichwa yanashika moshi na harufu vizuri sana na maji peke yake hayavitoi, alafu ile gundi ya majani mabichi inabaki mikononi, ukijishika kichwani imehamia, na nikotini ya jani bichi inapenya kwenye ngozi, wakulima wa tumbaku wanaugua kwa sababu hiyo, kizunguzungu na kutapika. Funga kilemba cha pamba kabla hujaingia shambani au banini na kifue kila siku, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nywele, na mwisho wa wiki tumia shampuu laini kidogo ukiichanganya na maji, kwenye ngozi ya kichwa tu, lile povu likishuka linatosha kwa huko chini. Msimu ukiisha rudi kwenye maji yako.

SWALI: Mwanangu wa darasa la kwanza ana viduara kichwani, nywele zimekatika hapo na kuna unga unga mweupe. Bibi yake anampaka mafuta ya nyonyo ziote. Nisubiri muda gani? — Mama, Sikonge

JIBU: Usisubiri mama. Hayo unavyoyaeleza ni mapunye, ni fangasi walioingia mpaka ndani ya shina la unywele, na mafuta ya kupaka hayawafikii, iwe nyonyo iwe nazi. Mpeleke kituo cha afya wiki hii apewe dawa ya kumeza, kawaida inachukua wiki kadhaa na lazima aimalize hata kama viduara vimeanza kupotea. Mwambie bibi yake kwa heshima kwamba kuota zitaota, mradi mtoto atibiwe mapema kabla pale hapajavimba na kutunga usaha, maana ikifika huko panaweza kubaki kovu nywele zisiote tena. Chanuo lake liwe lake peke yake, kofia na mto pia, mashine ya kunyolea isafishwe kwa dawa, na watoto wengine wa hapo nyumbani wapekue vichwa leo leo, ukiona hata kiduara kimoja mbebe na huyo mwende wote.