Alama hazionekani: uanze mlango upi?

Mdogo wangu wa Isevya, pole sana. Unauliza kama upande treni kutoka Tabora hadi Dar ukamwone Makamu Mkuu wa Chuo, kisa alama za somo moja hazionekani. Usipoteze nauli. Kwenye chuo binafsi, mmiliki na Baraza la Chuo hushughulika na fedha na sera, si alama za somo moja. Anza na mwalimu wa somo, kisha mkuu wa idara, halafu mkuu wa shule yako (yaani kitivo chako hapo chuoni), maana bodi ya shule ndiyo hupeleka matokeo Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, nayo Seneti huyapitisha. Andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Mimi nililalamika kwa mdomo tu, nikarudia mtihani niliokwisha kuufanya, bado inaniuma. Wakikuzungusha ngazi zote, ndipo uwaandikie TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.