Waje, lakini jioni ya mwisho tukae wote

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Wanafunzi wa vyuo vya nje wanaokuja vijijini kujitolea, wanatusaidia sisi au wanajifunza wao tu?" Nilipolisoma, jibu lililonijia palepale ni kwamba wabaki kwao, tumechoka kuwapokea. Naandika nikiwa bado na hasira hiyo, mtanivumilia.

Kwetu Mufindi, mkoani Iringa, huja mwezi wa sita na wa saba, kwa kuwa vyuo vyao vimefunga. Mwezi wa sita na shule zetu nazo hufunga, kwa hiyo watoto huitwa warudi shuleni kuwaimbia wageni wakati nyumbani mahindi yanasubiri kuvunwa. Wageni wenyewe wameambiwa Afrika ni joto. Wanashuka mjini Mafinga na fulana, ukungu haujaondoka hadi saa nne, basi wanaanzia sokoni kutafuta masweta ya mitumba. Wanapaka rangi madarasa, wanapiga picha, wiki tatu zimekwisha. Wale wa Peace Corps, wajitoleaji wa serikali ya Marekani, waliofika Tanganyika kuanzia mwaka 1961 walikuwa wakikaa miaka miwili. Kwa wiki tatu hakuna atakayemsaidia mwenzake jambo kubwa, iwe sisi au wao, na hapo sioni cha kubishania.

Kinachoniuma mimi ni jioni yao ya mwisho. Kabla ya kuondoka hukaa duara, kiongozi wao akawauliza: umejifunza nini, kipi kimekushangaza, ukirudi kwenu utabadilisha nini? Ni desturi nzuri. Natamani hata vijana wetu wa kidato cha sita, ambao tangu 2013 wamerudishiwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengine hapa hapa Mafinga, wangeulizwa hivyo kwa kirefu kabla ya kwenda nyumbani. Lakini wageni wetu huulizana wao kwa wao, mlango umefungwa. Sisi tuliowapikia na kuwafulia husikia nyimbo tu kwa nje, na kesho yake asubuhi basi linaelekea mlima Kitonga, njia ya Dar es Salaam.

Mwaka mmoja walitualika tuingie. Kikundi kilikuwa cha Marekani. Tuliokaribishwa ni kamati ya shule, mimi nikiwa mjumbe, mwenyekiti wa kijiji, na akina mama wapishi. Tulikaa nyuma, jiko la mkaa katikati, kijana wetu mmoja aliyesoma Iringa mjini akitutafsiria. Wakaanza. Wa kwanza alisema amejifunza kushukuru. Wa pili akasema watu wa hapa wana furaha ingawa hawana kitu. Wa tatu naye vilevile. Tukapiga makofi kila mara, ndiyo heshima ya mgeni. Nilimtazama mama mpishi aliyekaa pembeni yangu, aliyekuwa ameamka saa tisa usiku kuwasha kuni. Alikuwa anasinzia.

Ikafika zamu ya binti mmoja mkimya. Huyu alikuwa na mazoea ya kwenda kila alasiri kitongoji cha chini, kwa mama mmoja mjane, wakipukuchua mahindi pamoja, wanaelewana kwa mikono na vicheko. Hakusema amejifunza nini. Alisema: "Mimi hapa hosteli naoga maji ya moto kila siku. Yule mama bomba lake halijatoa maji tangu siku tuliyofika. Anashuka mtoni alfajiri. Je, ni kwa sababu yetu?"

Mkalimani alinyamaza, akamtazama mwenyekiti. Mzee akamwambia, "Sema kama alivyosema, mwanangu." Akatafsiri yote.

Kwa wasiojua maji yetu: ni ya mserereko. Yanatoka chanzo kilichoko juu msituni, yanashuka kwa uzito wake mwenyewe, hayana pampu. Kiangazi chanzo kinapungua. Hosteli iko juu ya kijiji na ina tenki la lita 5,000. Koki ya tenki hilo ikifunguliwa mchana, huku chini yanabaki matone. Kila mtu kijijini analijua hilo. Anayelipa bili bila kukosa ni hosteli, na mgeni hapaswi kukosa maji, basi watu wa chini wanavumilia.

Kiongozi wa wanafunzi alitaka waendelee na mtu mwingine. Mwenyekiti akasimama, akavua kofia, akasema, "Binti, ni kweli. Ni kwa sababu yenu, na ni kwa sababu yetu tuliofungua koki." Yule mama mpishi, usingizi ukiwa umemwishia, akadakia, "Mwenyekiti, mbona hili tulilisema kwenye mkutano wa kijiji tukaambiwa muda umekwisha?" Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli. Kiswahili kikachanganyika na Kihehe, mkalimani akashindwa kutufuata, wageni wakatulia wanatusikiliza bila kuelewa. Mkaa ukawa majivu. Tuliondoka tumekubaliana kwamba tenki lijazwe usiku, kuanzia saa nne hadi alfajiri, na mchana maji yawe ya kijiji. Jioni hiyo hawakuimba.

Siku zilizofuata yule mjane alipata maji nyumbani kwake. Mwaka uliofuata, kikundi kingine kilipofika, koki ilifunguliwa tena mchana, na hapakuwa na aliyeuliza, maana jioni ya mwisho mlango ulikuwa umefungwa kama zamani.

Hadi sasa linaniuma kwamba neno la mama zetu lilihitaji mdomo wa msichana wa miaka ishirini kutoka ng'ambo ndipo lisikike. Hilo ni la kwetu, haliwezi kuwekwa kwenye hesabu ya wageni. Lakini kwa haki siwezi kusema yule binti hakutusaidia. Hakusaidia kwa brashi ya rangi. Alikaa na mtu mmoja muda wa kutosha kuona ndoo yake, na akauliza mbele ya wanaohusika, kabla hajapanda basi. Angeyaandika akiwa kwao yasingetufikia.

Kwa hiyo nimeanza na "wabaki kwao" na sasa nasema waje, ingawa sijui kama mwakani nitasema hivi. Kuna kundi linatarajiwa mwezi wa saba, na kwenye kamati nimeshaomba mambo mawili. Jioni yao ya mwisho ifanyike ofisi ya kijiji, watu wa kitongoji cha chini wakiwepo. Na wakishamaliza kuulizana wamejifunza nini, sisi nasi tuulizwe kukaa nao kumetugharimu nini. Nimejibiwa kwamba tusubiri kwanza wageni wafike. Mimi nimesema lipangwe kabla hawajafika, na kama halitapangwa, jibu langu kwenu linabaki lile la kwanza.

Mjumbe wa kamati ya shule, Mufindi