Saa ya Marehemu Baba na Saa Mpya ya Bandarini: Maswali Yenu kwa Mafundi Saa

SWALI (Msomaji, Tanga): Shikamooni mafundi. Marehemu baba ameniachia Seiko 5 ya chuma ambayo imelala kabatini miaka mingi. Nikiitikisa inatembea dakika chache kisha inasimama. Nikizungusha kitufe cha pembeni sisikii kama inajaa, na tarehe nayo imekwama. Fundi wa mtaani anataka kuitoa mashine yote aweke nyingine, aipige bodi polishi na kuupaka uso rangi upya. Niridhie?

JIBU: Marahaba. Usiridhie. Anza kwa kuigeuza saa usome mfuniko wa nyuma. Utakuta namba yenye kistari katikati, mfano 7009, kistari, kisha tarakimu au herufi nyingine. Nne za mwanzo ni jina la mashine iliyo ndani; zinazofuata ni umbo la bodi, yaani ganda la nje. Pembeni kuna namba ya mfululizo, aghalabu ya tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kama kawaida, kisha O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Kwa hiyo saa ya 7009 yenye namba inayoanza na 8N ni ya Novemba 1978 au Novemba 1988. Andika namba hizo mahali, piga picha mbele na nyuma, na umwombe fundi akufungulie mbele yako upige na ya mashine.

Hilo la kutojaa lisikutie wasiwasi. Mashine za 7009, na hata 7S26 iliyokuja baadaye, hazijazwi kwa kitufe kabisa. Kinachozijaza ni kile kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapocheza. Chini yake kuna kidude chenye ndoano mbili, Seiko wakikiita Magic Lever tangu 1959, ambacho huvuta gia ya kujazia hata kipande kile kikizunguka kulia au kushoto. Kuitikisa ubavu kwa ubavu sekunde 30 kunaiamsha tu. Ili ijae lazima ivaliwe siku nzima. Ikijaa, nzima hutembea muda wa saa 40 hivi ukiwa umeiweka mezani.

Yako inasimama baada ya dakika chache kwa sababu mafuta yamekauka, au ndoano zile zimelika, au yote mawili. Acha kuitikisa. Mafuta yaliyoganda yakichanganyika na vumbi la chuma husaga ncha za gia, na ncha iliyolika haiponi kwa kusafishwa. Hapo ndipo kazi ndogo inapogeuka kubwa.

Unachotaka kwa fundi ni kufunguliwa kote na kusafishwa, si "kupuliziwa". Kazi hiyo inakwenda hivi. Mfuniko unafunguliwa kwa ufunguo wa meno, si kwa kisu wala nyundo. Kipande kizito kinatolewa, nguvu iliyobaki kwenye springi kuu inaachiwa polepole, mishale na uso vinatolewa, kisha kila gia peke yake. Vipande vinaoshwa kwa dawa ya kusafishia saa na kukaushwa. Petroli inaondoa mafuta ya zamani, lakini huacha utando. Fundi anayezamisha mashine nzima kwenye kikopo cha petroli bila kuifungua amehamisha uchafu tu, kutoka gia hadi kwenye mawe, yaani vito vidogo vinavyoshika ncha za gia. Baada ya kuosha ndipo macho hufanya kazi: chini ya lenzi anaangalia ncha za gia, ndoano, na kama springi kuu bado ina nguvu.

Kutia mafuta ndiko kunakotenganisha mafundi. Mazito, au grisi, huenda panapozunguka polepole kwa nguvu kubwa, yaani kwenye pipa la springi na gia ya katikati. Mepesi huenda kwenye gia za kasi na kwenye mawe ya balansi, ile gurudumu inayokwenda na kurudi. Yapo mengine ya kwenye mawe mawili ya uma unaogonga gia ya mwisho. Ekseli ya uma huo haitiwi mafuta. Tone kwenye jiwe linatakiwa lijaze nusu ya kibakuli chake, basi. Yakizidi, yanatambaa hadi kwenye springi nyembamba ya balansi, mizunguko yake inagandana, na saa inaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Mwenye saa akirudi kulalamika, fundi mvivu anasogeza rekebisho la mwendo, nalo halisaidii kitu.

Uliza kama ana mashine ya kupimia mwendo. Saa yako inapiga mara 21,600 kwa saa moja, mapigo 6 kila sekunde. Baada ya huduma nzuri, ikiwa imejaa na imelazwa uso juu, balansi inatakiwa izunguke digrii 230 au zaidi kila upande. Chini ya 200 bado kuna uchafu au springi imechoka. Na apime pia ikiwa imesimama wima, kwa sababu mkononi haikai imelala.

Tarehe iliyokwama mara nyingi ni kosa la mtumiaji, samahani kusema, wala si lazima awe wewe. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri gia ya tarehe imeshaingia kwenye meno. Ukibadili tarehe kwa haraka wakati huo unavunja kijino kinachoisukuma, na kwenye mashine nyingi za namna hii kijino hicho ni cha plastiki. Ikishatengenezwa, uwe unafanya hivi: vuta kitufe hadi mwisho, peleka mshale mfupi kwenye 6, penye usalama asubuhi na jioni. Rudisha kitufe hatua moja, weka tarehe ya jana, vuta tena hadi mwisho, kisha zungusha mbele hadi tarehe igeuke yenyewe na ufike kwenye saa ya sasa. Siku ikijitokeza kwa Kiarabu haijaharibika. Gurudumu la siku kwenye saa nyingi zilizouzwa Ghuba lina lugha mbili zinazopishana, sogeza hatua moja zaidi.

Polishi ikataliwe. Kingo kali za bodi ndizo umbo lake. Gurudumu la polishi linazilainisha na haziwezi kurudishwa. Uso ukipakwa rangi upya saa hiyo inakuwa si ya baba tena, na sokoni pia thamani yake inashuka: nyuso za rangi kali zenye maandishi yaliyotapakaa ndizo zinazowafanya wanunuzi waogope Seiko 5 kuukuu. Madoa ya uso yaacheni. Mabadiliko tunayoyakubali ni springi kuu, mpira wa kuzuia maji wa mfuniko, kioo kama kimepasuka, na mkanda. Mashine iwapo imeliwa na kutu kote, itafutwe nyingine yenye namba ileile, na ya zamani urudishiwe. Kwa kweli dai kila kipande kilichotolewa, kiwekwe kwenye mfuko mdogo. Fundi mwaminifu hakasiriki kuombwa.

Hata imeandikwa kuzuia maji, usiiogeshe.

SWALI (Msomaji, Mombasa): Assalam aleikum. Nafanya kazi bandarini, jua, jasho na maji ya chumvi kila siku. Nataka saa moja mpya ya kudumu. Dukani naonyeshwa za betri, za kujijaza zenyewe na za mwanga wa jua, nyingine zimeandikwa mita 30, nyingine 50, nyingine 100. Nichague ipi?

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa kazi yako, ya mwanga wa jua au ya betri, iliyoandikwa mita 100 au bar 10. Ya kujijaza tunaipenda kuliko zote, lakini si kwa bandari. Haipendi mitetemo ya vyuma, na kila miaka mitano hivi inataka huduma kama ile ya msomaji wa Tanga, ambayo kwa saa ya bei ya chini inaweza kukaribia bei ya saa yenyewe. Wala haishiki muda vizuri zaidi. Mashine ya 4R36 iliyo kwenye Seiko 5 za sasa inaruhusiwa na kiwanda kupotea kuanzia sekunde 35 nyuma hadi 45 mbele kwa siku moja. Saa ya betri ya kawaida hupotea sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi. Ndani yake kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na sakiti inagawanya hesabu hiyo kwa mbili mara 15 ipate pigo moja. Seiko ndio waliouza saa ya kwanza ya fuwele ya mkononi, Desemba 1969.

Ya mwanga wa jua ni hiyohiyo ya fuwele, ila betri yake inachajiwa kupitia uso. Faida kwako ni kwamba mfuniko haufunguliwi kila baada ya miaka miwili mitatu, na kila unapofunguliwa ndipo maji yanapopata njia. Usiifungie droo miezi.

Namba za mita zinadanganya wengi. Ni kipimo cha maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya, si kina cha kupiga mbizi. Mita 30 ni mvua na kunawa mikono. Mita 50 unaweza kuogelea taratibu. Mita 100 ndipo unapoweza kuacha kuifikiria. Iliyoandikwa "Water Resist" bila namba ihesabu kama ya 30. Kitufe kisivutwe ikiwa na maji, na sabuni ya moto inakula mpira. Jioni isuuze kwa maji baridi ya bomba, chumvi isikaukie pembezoni mwa kitufe.

Bodi. Soma nyuma kwa makini: "Stainless Steel Back" maana yake ni mfuniko tu ndio chuma kisichoshika kutu. Bodi iliyobaki mara nyingi ni shaba iliyopakwa utando, na jasho la bandarini linautoboa kuanzia penye mkanda, chini ya masikio ya bodi. Utaona njano, kisha kijani, kisha vipele kwenye ngozi kama una mzio wa nikeli. Unataka iandikwe chuma chote, au 316L, ambayo ni aina ya chuma kisichoshika kutu. Plastiki ngumu nayo ni nzuri, nyepesi, haina kutu; kinachokufa ni mkanda wake, unaopasuka, hivyo hakikisha unapatikana peke yake kabla ya kulipa. Kwa bodi za chuma pima pengo la masikio: 18, 20 au 22 mm, na mkanda utaupata popote. Muundo ambao mkanda na bodi ni kitu kimoja tuupishe.

Kioo cha yakuti ndicho pekee ambacho mchanga hauchori. Mchanga una ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kioo cha kawaida kati ya 5 na 6, yakuti 9. Lakini yakuti hupasuka ikigongwa kwenye kontena, na kwa hapo ulipo tungechukua kioo cha kawaida kilichozama chini kidogo ya ukingo.

Kuhusu bandia: Casio F-91W, ile ya plastiki inayoonyesha tarakimu, ikiwa halisi ukibonyeza kitufe cha kulia sekunde chache inaandika jina CASIo kwenye kioo chake. Nakala nyingi hazifanyi.

SWALI (Msomaji, Kigoma): Saa yangu ya betri inakula betri kila miezi mitatu. Fundi amebadilisha tena na tena.

JIBU: Muulize anaweka aina gani. Betri ya 377, yaani SR626SW, ni ya oksidi ya fedha: volti 1.55, na inashikilia hivyo karibu hadi mwisho. Inayofanana nayo, LR626, ni ya alkali, inaingia sawasawa, ni rahisi, volti zake zinashuka kidogokidogo na inavuja mapema. Kama tayari ni SR, basi gia ni chafu na mota inavuta umeme mwingi. Fundi apime mkondo kabla ya kuweka betri nyingine. Mshale wa sekunde ukianza kuruka mbilimbili au zaidi kwa mpigo, kwenye saa nyingi hiyo ni ishara ya betri kuisha. Iliyokufa itolewe siku hiyohiyo, hata kama hujanunua nyingine.

SWALI (Msomaji, Songea): Babu alirudi na saa kutoka vita vya Burma. Nyuma ina alama ya mshale na herufi A.T.P. Inajazwa kwa mkono na bado inatembea. Namba zake zimegeuka kahawia na haziwaki tena gizani. Mpwa wangu anataka kuzikwangua apake rangi mpya inayowaka.

JIBU: Mzuie leo. Saa za A.T.P. ziliagizwa Uswisi na jeshi la Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1940, na rangi ya kuwaka ya wakati ule ilikuwa na radiamu. Kilichochoka ni unga wa salfidi ya zinki uliokuwa ukitoa mwanga. Radiamu yenyewe inahitaji miaka 1,600 ipungue nusu, kwa hiyo ipo karibu yote. Ikiwa ndani ya kioo hatari ni ndogo. Ikikwanguliwa inakuwa vumbi, na vumbi hilo likivutwa mapafuni au kumezwa linabaki mwilini.

Msiifungue nyumbani. Isivaliwe kila siku, isilale kando ya kitanda wala mikononi mwa watoto, na chumba inapokaa kipate hewa. Kama kioo kimepasuka, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika na unawe mikono. Ukiipeleka kwa fundi, mwambie kabla hajagusa mfuniko kwamba uso una radiamu, na aache namba na mishale kama vilivyo. Kuijaza ni mara chache tu, ya kuonyesha wageni: zungusha polepole, ukihisi kitufe kinakataa acha hapohapo.