Ukitaka kuuza nyumba Mbeya, anza na maji

Mtu akiamua kuuza nyumba, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni rangi. Kwa huku kwetu Mbeya, mimi nasema rangi ije mwisho. Hela ya kwanza ipeleke kwenye maji: yanayoshuka kwenye bati, yanayopita uani, yanayopanda ukutani na yanayotoka bombani. Tuliuza nyumba yetu ya Ilomba, baadaye nikamsimamia shemeji kuuza ya kwake Nzovwe, na kote kuwili wanunuzi waliotubana kwenye bei walitubana kwa unyevu. Wa rangi sikumwona.

Mji wetu uko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua ikianza Novemba inatuachia Aprili au Mei, halafu inapokea baridi ya Juni na Julai. Nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, na tofali hizo zinakunywa maji. Maji ya ardhini yanapanda nazo taratibu, yakifika usoni mwa plasta yanakauka na kuacha ule unga mweupe ambao wengi wetu tunauita fangasi, ingawa fundi atakwambia ni chumvi. Ukiufunika kwa rangi mpya, haipiti muda rangi inavimba na kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Mnunuzi wa huku analijua hilo. Mama mmoja wa makamo alipokuja kuangalia ya Ilomba, sebuleni hata hakukaa. Alipitiliza mpaka chumba cha nyuma, kile chenye ukuta wa kusini ambao miezi ya baridi hauoni jua, akamwomba kijana wangu asogeze kabati. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale. Kisha akainama, akapitisha kidole pale ukuta unapokutana na sakafu, akakitazama.

"Hapa mmepiga plasta upya, mwanangu?"

"Ndiyo mama. Tulibandua ya zamani mpaka usawa wa dirisha. Picha ninazo."

Nikamwonyesha kwenye simu: tofali zikiwa wazi, mtaro ukiwa umechimbwa nje, fundi akiwa na tindo mkononi. Aliguna tu, akaenda kukagua dari. Hakununua yeye, alinunua mdogo wake, na mdogo mtu alipokuja alikuwa tayari anajua habari ya ule ukuta kuliko dalali.

Kwa hiyo piga picha kazi inapofanyika, na mfiche mnunuzi chochote kingine lakini si unyevu. Kazi yenyewe ilianzia nje. Kwa miaka udongo wa bustani ulikuwa umerundikana mpaka ukapita usawa wa jamvi, lile zege la sakafu, na maua yalikuwa yameegemea ukuta huku yakimwagiliwa kila jioni. Tuling'oa maua, tukashusha udongo, tukachimba mtaro wa kupeleka maji barabarani, tukafunga gata ya kukinga maji ya bati upande usiokuwa nayo. Hapo ndipo fundi akaingia ndani kubandua plasta. Ukuta uachwe wazi ukauke. Fundi atakuharakisha, maana anataka kumaliza aende kazi nyingine, lakini ukipiga plasta juu ya tofali bichi umerudi ulikotoka.

Ndiyo maana nashauri kazi ianze Mei, mvua ikishakata, na nyumba itangazwe kuanzia mwishoni mwa Julai. Kuna sababu nyingine. Miezi hiyo watu wa mpunga wa Usangu na Kyela, na wa mahindi na kahawa kutoka Mbozi, wameanza kushika hela. Ukisubiri hadi Oktoba utapambana na vumbi, kila ukifuta dirisha limejaa tena.

Saa ya kuonyesha nyumba nayo ina maana. Dalali atataka kumleta mtu asubuhi na mapema kwa sababu ana wengine wa kuwazungusha. Kataa. Saa 1 asubuhi ya Julai mgeni atatetemeka katika nyumba yoyote ya Mbeya, na atadhani ni kosa la nyumba yako. Mwambie waje kuanzia saa 5, mapazia yakiwa yamefunguliwa tangu jua lilipochomoza. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa kwa kipindi hicho. Harufu yake inakaa kwenye mapazia na makochi, na mgeni anajua mara moja kwamba nyumba ina baridi. (Na hata kama huuzi chochote, jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni sumu. Kila msimu wa baridi tunasikia misiba yake.)

Usafi sitauongelea sana, kila mtu anajua kufagia. Choo king'ae, shimo la maji taka linyonywe kama limejaa, kuku wafungiwe. Kama kuna wapangaji, waambie mapema kwa heshima, maana mpangaji aliyekasirika atamweleza mnunuzi mambo yote ya nyumba, hata yasiyokuwepo. Mgeni akifika msalimie, mkaribishe, halafu mwache azunguke bila wewe kumfuata chumba kwa chumba ukisifia vigae.

Atakuuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Jibu kweli, kwa sababu akitoka hapo ataenda kumuuliza jirani. Kama kuna mgao, mwonyeshe simtanki limejaa na bomba lake linafanya kazi. Weka tayari bili ya maji ya mwisho iliyolipwa na risiti za umeme, ambazo pia zinaonyesha kodi ya majengo ikikatwa kwenye luku, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida.

Karatasi hizo ziende kwenye faili moja na hati, risiti za kodi ya pango la ardhi, na ridhaa ya mwenzi wako kwa maandishi. Nyumba ya familia haiuzwi na mmoja peke yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na mwanasheria wa mnunuzi ataiulizia kabla ya kitu kingine. Risiti za saruji, bati na mafundi usizitupe. TRA inatoza asilimia 10 ya faida uliyopata kwenye mauzo, na gharama ulizoweka kwenye nyumba zinapunguza hiyo faida endapo unaweza kuzithibitisha.

Kama uko karibu na barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, pima kwa futi kamba kabla hujaulizwa. Hifadhi ya barabara kuu kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na tangu upanuzi wa njia nne wa Nsalaga hadi Ifisi uanze, kila mnunuzi anakuja na swali hilo mdomoni. Ya Nzovwe ilikuwa ndani zaidi, lakini bado tuliulizwa.

Na dalali mwandikishe. Asilimia yake, bei unayotaka wewe, na kwamba cha juu hakuna. Wengine wanapachika mamilioni yao juu ya bei yako, nyumba inakaa mwaka mzima na wewe hujui kwa nini watu wanakuja na kuondoka kimya.

Mnunuzi wa shemeji alikuwa mzee mstaafu. Aliiona nyumba Oktoba, akaipenda, akasema atarudi mvua ikinyesha. Shemeji alitaka kukasirika, nikamtuliza. Novemba mzee alirudi na mwavuli na gamubuti, akasimama uani mvua ikimwagika, akaufuata mtaro mpaka unapotokea barabarani, akazunguka nyuma. Alikuta gata ya upande wa jikoni inavuja kwenye maungio, akaomba bei ishuke kwa ajili hiyo. Kesho yake tulimwita fundi akaifunga upya mzee akiwa amesimama pale pale, na bei ikabaki ile ile.